Watafiti mnatuuliza sana, majibu hamleti

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na ndugu zetu watafiti wa vyuo wanaokuja huku Kigoma. Mimi ni mkusanya data, yani wao wakija na madodoso yao sisi ndo tunazunguka nayo Kibirizi, Katonga na Ujiji. Zamani yalikuwa makaratasi, siku hizi ni Kobo, programu ya kujazia madodoso kwenye simu, na hapo nawapa maua yao maana ile programu inapiga kazi hata kusiko na netiweki, unajaza, unachukua na jipiesi, ukirudi mjini unatuma na bosi aliyeko Dar anaiona palepale. Kukusanya wameweza. Kurudisha ndo mtihani.

Chukulia hili la ziwa. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba Ziwa Tanganyika linapata joto, maji ya juu hayachanganyiki vizuri na ya chini, kwahiyo rutuba inayolisha vile vijimea vya majini inabaki huko kilindini, wakakadiria samaki wamepungua kwa kama asilimia 30. Miaka ishirini ikapita. 2024 serikali ikafunga uvuvi ziwani toka Mei 15 mpaka Agosti 15, na pale mwaloni watu wanabishana kwanini samaki wamepungua mpaka mishipa ya shingo inatoka, huyu anasema ni nyavu, yule anasema ni wa ng'ambo, mwingine eti taa za sola zimewakimbiza dagaa, habari ya joto sikumsikia hata mmoja akiitaja. Sisemi joto ndo sababu peke yake, uvuvi wa hovyo upo na tunauona, ila watu wabishane wakiwa na taarifa basi.

Na njia wala sio ngumu. Wavuvi na wachuuzi wana magrupu ya WhatsApp, humo wanapeana bei ya dagaa na habari za upepo, mtafiti akirekodi voisi ya dakika mbili kwa Kiswahili cha kawaida akairusha humo itafika Kalya, kule mbali kusini, kabla hajamaliza chai. Sio kutuma pidiefu ya kurasa 40 ya Kiingereza, inakula bando bure. X, ile Twitter ya zamani, nayo sawa, watafiti wanakutana wao kwa wao wanapata washirika, lakini mvuvi utamkuta huko? Halafu majarida mengi yanamruhusu mwandishi aweke nakala yake mwenyewe sehemu ya wazi, mfano Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya CERN, kile kituo cha utafiti cha Ulaya, bure kabisa, sasa linki ya hivyo hata afisa uvuvi anaifungua bila kuombwa dola.

Ila picha jamani! Kuna mama mmoja muanika dagaa, alionyeshwa na mtoto wa dada yake sura yake kwenye ukurasa wa mtafiti, chini kumeandikwa mambo ya umaskini, na hakuna aliyemuomba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo toka 2022, msomi ndo aivunje?

Najua watasema chuoni cheo kinapanda kwa machapisho, sio kwa voisi. Haya, lakini bajeti zenu nazionaga, vocha za wakusanya data zimo, mafuta ya boti yamo, fungu la kurudisha matokeo sijawahi kuliona. Na kama shida ni namba za maadmini wa hayo magrupu, tuulizeni sisi mnaotutumaga, tunawajua.

Mkusanya data,
Mwanga, Kigoma