YAH: Malalamiko Kuhusu Arifa za Mafaili Zisizofika

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mfumo wa arifa mliotuwekea kwenye Amazon S3, hifadhi yetu ya mafaili mtandaoni, ulitakiwa kuijulisha programu ya uhasibu kila ankara inapopakiwa. Haufanyi hivyo. Tumeikagua mipangilio, na kasoro zimo kwenye kazi yenu, si kwenye S3.

Kubwa kuliko zote: mmesajili tukio moja tu la kutoa arifa, `s3:ObjectCreated:Put`, yaani faili linapopakiwa kwa mkupuo mmoja. Zana ya amri ya AWS tunayopakilia, kwa mipangilio yake ya kawaida, huanza kukata mafaili vipande yanapofikia MB 8, na upakiaji huo ukikamilika hutoa tukio jingine, `s3:ObjectCreated:CompleteMultipartUpload`. Kwa hiyo ankara nzito zilizoskaniwa kwa rangi zinaingia salama, zinaonekana kwenye baketi (chombo cha S3 kinachobeba mafaili yetu), lakini arifa haitoki. Wala hamtaona kosa lolote kwenye kumbukumbu za mfumo, maana hakuna kilichoshindikana. Dawa ni kuweka `s3:ObjectCreated:*`. Kwa badiliko hilo la neno moja mnataka tulipie ombi jipya la kazi, hatulipi.

Kichujio chenu cha `.pdf` nacho hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na baadhi ya skana zetu huandika `.PDF`. Ongezeni kanuni ya pili.

Jina la faili ndani ya arifa huja limesimbwa kama anwani ya wavuti: `Ankara Machi.pdf` hugeuka `Ankara+Machi.pdf`. Programu yenu inalitumia hivyo hivyo bila kulisimbua, inakosa faili, kisha inaufuta ujumbe wa arifa kwenye foleni ya SQS (huduma ya Amazon inayotunza ujumbe hadi programu iuchukue) kana kwamba kazi imekwisha. Kukosea jina kunaeleweka. Kufuta ushahidi hakueleweki. Ujumbe ufutwe baada ya ankara kuandikwa kwenye hesabu tu. Ukishindikana mara 5, uhamishiwe foleni ya pembeni ili mtu auone.

Zipo pia ankara zilizoingizwa mara mbili. S3 huahidi kufikisha arifa angalau mara moja, kwa hiyo marudio ni jambo la kutarajiwa, na mfuatano wa arifa kufika hauna uhakika. Tunzeni jina la faili pamoja na thamani ya `sequencer`, alama iliyo ndani ya arifa inayoonyesha mfuatano wa matukio ya faili hilo. Jozi iliyokwisha kupokelewa ipuuzwe.

Halafu mlipoongeza arifa za ufutaji, zile za upakiaji zilitoweka kabisa. Amri ya `PutBucketNotificationConfiguration` huandika mipangilio yote upya, haiongezi juu ya iliyopo. Someni kwanza iliyopo, muiunganishe na mpya, ndipo muipeleke.

Jaribio la makabidhiano lilitumia faili moja dogo, `test.pdf`, ambalo hupita penye kasoro zote hizi bila kugusa hata moja. Tunataka jaribio lingine, mbele yetu: faili la MB 20, jina lenye nafasi, jina linaloishia `.PDF`, na ujumbe mmoja uliotumwa mara mbili. Muda wa foleni kutunza ujumbe upandishwe kutoka siku 4 hadi 14, kwa kuwa ofisi hufungwa wakati wa sikukuu.

Marekebisho hayo hayatatoa arifa kwa mafaili yaliyokwisha kupakiwa. Orodhesheni baketi nzima, mlinganishe na hesabu, mtuletee orodha ya ankara zilizokosekana ndani ya siku 7 za kazi. Malipo ya awamu ya mwisho yanasubiri orodha hiyo pamoja na matokeo ya jaribio.

Idara ya TEHAMA