Tusiwaambie watoto kwamba marehemu kasafiri

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba vitabu vya watoto vinavyotaja kifo vinawapa watoto uchungu kabla ya wakati wake. Wakati huo anaupanga nani? Hapa Korogwe namlea binti wa kaka yangu. Msibani wakubwa walikata shauri aambiwe baba kasafiri, akapelekwa kwa jirani mpaka watu waliporudi makaburini. Tangu hapo kila basi la kutoka Dar likipunguza mwendo, mtoto mbio barabarani kutazama nani anashuka. Muuza machungwa wa stendi ndiye aliyeniambia niache kumgombeza, nimwambie ukweli.

Kuusema nilisaidiwa na kitabu cha picha, Simbegwire, kilichoandikwa na Rukia Nantale na kuchorwa na Benjamin Mitchley. Kipo kwa Kiswahili katika maktaba ya mtandaoni ya African Storybook, na kukipakua ni bure. Mimi nilikitoa kopi steshenari, nyeusi na nyeupe, kurasa nikazipiga cherehani kwa kuwa ushonaji ndiyo kazi yangu. Hakizunguki: kinaanza kwa kusema mama yake Simbegwire amefariki, mtoto ana huzuni. Baba anajitahidi, jioni wanakaa wakizungumza. Halafu anakuja Anita, mama wa kambo, nyumba inakuwa chungu. Mtoto anachukua blanketi la mama yake, anakimbia, analala juu ya mti. Anayemwona ni shangazi yake, aliyekwenda kufua mtoni.

Tulipofika kwenye blanketi, wangu aliweka kidole pale pale akauliza, "Na nguo ya baba iko wapi?" Nguo za kaka zilishagawiwa baada ya arobaini, kama desturi. Lilibaki shati moja la kazini, aliloniletea nimgeuzie kola kabla hajaugua. Nikampa. Siku ile hakulia. Alilia kesho yake darasani, mwalimu akanipigia simu akidhani anaumwa.

Kasoro kinazo. Anita anaomba radhi na mambo yanatengemaa upesi mno kuliko ninavyoyaona mtaani kwetu. Lakini angalau mama wa kambo ameachwa awe mtu, si lile zimwi la hadithi zetu.

Wapo watakaosema dini inatosha. Mimi ni Mwislamu, na dua ya kumwombea baba yake anaijua. Ila ukimwambia mtoto "Mungu kampenda zaidi", atakuuliza kwani sisi hatukumpenda, na hapo wakubwa wengi hutafuta kazi ya kwenda kufanya jikoni.

Gazeti lenu lina ukurasa wa watoto, na kila wiki ni sungura na fisi. Tuwekeeni basi hadithi moja ya msiba, yenye turubai, majamvi na sufuria za wali, kama watoto wetu wanavyouona. Wachoraji mnao, katuni zao tunaziona kila siku.

Shangazi Mshonaji,
Manundu, Korogwe