Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Picha Inayostahili Kutundikwa

Ndugu wanachama,

Masuala ya fedha na uanachama yamo katika taarifa za mhazini na katibu, nami sitayarudia. Naomba nitumie nafasi hii kwa jambo lililozua mjadala mrefu kuliko yote katika kamati ya uteuzi mwaka huu, nalo ni kwamba picha nyingi tulizoletewa kwa ajili ya maonyesho zilikuwa safi kiufundi, mwanga umepimwa vizuri na fokasi imekaa sawasawa, lakini hatukuona sababu ya kuzitundika ukutani.

Mwanachama mwenzetu mmoja alileta picha mbili za fundi cherehani. Katika ya kwanza fundi anatabasamu akiitazama kamera, na kila kitu kinaonekana bayana, kuanzia vifungo vya shati lake hadi majora ya vitambaa nyuma yake. Katika ya pili ameinamia sindano, jicho moja amelifumba, ncha ya uzi bado ina unyevu wa mate, na mwanga wa dirishani umeangukia vidole tu huku nusu ya uso ikiwa gizani. Baadhi ya wajumbe waliitaka ya kwanza kwa ukamilifu wake. Mimi niliitetea ya pili, na bado naitetea, kwa kuwa giza lile limeondoa yote yasiyohusika na kumwachia mtazamaji kazi yenyewe.

Uchache wa vifaa haumzuii mtu kufika hapo. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake katika mji mkuu, Bamako, mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa jua, nyuma ya mteja kukiwa na kitambaa tu, na kwa sababu filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alipiga mara moja kwa kila picha. Ilimlazimu kuamua mkao wa mabega na mikono kabla ya kubonyeza. Katika jiji hilohilo, mwaka 1963, mpiga picha mwingine, Malick Sidibé, aliwapiga picha vijana wawili wakicheza dansi, vipaji vya nyuso vikikaribia kugusana na macho yakifuata miguu; hakuna hata mmoja anayejishughulisha na kamera, na nadhani hapo ndipo ilipo nguvu ya picha ile.

Kuhusu uhariri, hatuna ugomvi na anayerekebisha mwanga au kukata kingo. Rangi zilizokolezwa mpaka anga halifanani na anga lolote ndizo zilizotukwaza.

Kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao kila mwanachama alete picha zisizozidi tatu, bila maelezo marefu, akiwa amejichagulia mwenyewe badala ya kutuachia sisi mafungu ya picha zinazofanana. Najua pendekezo hili litawabana wengi, hasa wanachama wapya, kwa hiyo naliweka mbele yenu lijadiliwe kwa uwazi kabla ya kupigiwa kura.