Kwa vijana mnaotafiti uhamishaji wa watu wa mabondeni

Wanangu mnaosomea mabadiliko ya tabianchi vyuoni,

Kila baada ya mafuriko mnafika kwetu Bonde la Msimbazi, hapa Dar es Salaam, na madodoso yenu, mkiwa na kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua ya kumwonyesha mtendaji wa mtaa, nanyi mnauliza mambo mawili: maji yalifika wapi, na kwa nini hatuhami. La kwanza mmelifanyia kazi kubwa. Kuanzia mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, kupitia Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa, walipita mitaani pamoja na wakazi wakachora nyumba, mifereji na vichochoro, na kazi ile naiheshimu sana. La pili ndilo linalonisumbua, kwa maana mnamwuliza mtu habari za kuondoka bila kufuatilia kule anakofikia.

Tazameni Mabwepande. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 jijini, serikali iliwapa wakazi wa mabondeni viwanja huko, kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji. Kwa upande wa maji hapana ubishi kwamba walisalimika. Lakini mama lishe aliyezoea kutoka Kigogo alfajiri kwa miguu, akachukua mchele na maharage Kariakoo kwa mali kauli, alipe akishauza, kwa mtu anayemjua, kisha akawasha jiko kabla vibarua hawajaingia kazini, kule ugenini alidaiwa nauli ya kwenda na kurudi kabla hajauza sahani moja, na hakuna mwenye duka aliyekuwa tayari kumkopesha mtu asiyemjua kwao. Ndiyo sababu wapo waliouza viwanja wakarudi mjini, wengine wakarudi bondeni kabisa. Msiwaandike kuwa ni wakaidi. Walipiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo utafiti wenyewe.

Jambo hili si letu peke yetu. Baada ya mafuriko ya Zambezi ya mwaka 2007, familia nyingi za Msumbiji zilihamishiwa kwenye miinuko, lakini wengi waliendelea kushuka bondeni kulima, kwa kuwa udongo wenye rutuba uko kando ya mto. Kijiji cha Vunidogoloa huko Fiji, kilichohama mwaka 2014 kuikimbia bahari, kilisogea kilomita mbili hivi tu, ndani ya ardhi yao wenyewe, jirani akabaki na jirani yake.

Mpangaji naye msimsahau. Mwenye nyumba ana ukuta wa kuthaminiwa ili alipwe fidia. Mpangaji ana chumba alicholipia kodi ya miezi sita, kitanda alichokiinua juu ya matofali, na wateja wanaojua mlango wake.

Sasa mna nafasi ambayo sisi hatukuwa nayo. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2022, unawaondoa wakazi wa bonde la chini, safari hii kwa fidia. Wafuateni tangu sasa, wangali wanapatikana: warudieni baada ya mwaka mmoja, kisha baada ya mitano, muulize kipato, nauli, shule za watoto na ni nani anayewakopesha. Najua shahada haisubiri miaka mitano, na hapa nawaomba walimu wenu wasikie pia: daftari la kaya hizo liwe mali ya idara, kila kundi la wanafunzi likabidhi kwa linalofuata. Aliyerudi bondeni msimtaje jina wala kuonyesha nyumba yake, kwa maana ripoti yenu inaweza kumfikia mwenye tingatinga kabla ya kumfikia mwenye msaada.

Matokeo yakiwa tayari, yaleteni kwenye mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili, na mkayasome Mabwepande vilevile, ili wale mliowahesabu wawaambie palipokosewa kabla hamjachapisha.

Mzee wenu,
aliyekuwa mjumbe wa nyumba kumi, Kigogo