Daktari wa timu asiachiwe uamuzi peke yake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu huduma za tiba viwanjani iliisifu sana ligi kuu ya futiboli ya Australia, AFL, na mwandishi akashauri ligi za Afrika Mashariki ziige mfano huo. Mimi naishi Melbourne, na Jumamosi huwa nabeba begi la huduma ya kwanza katika klabu ndogo ya mtaani. Mengi aliyoyasifu yanastahili sifa. Ila hakugusa swali la nani mwenye kauli ya mwisho mchezaji anapogongwa kichwa, na kwangu hilo ndilo swali kubwa kuliko yote.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo huu: si soka, wala si raga. Kila upande una watu 18 uwanjani, na uwanja wenyewe ni ule wa kriketi, mpana kiasi kwamba ukisimama goli moja hutambui sura ya aliye goli la pili. Hakuna kuotea, kwa hiyo mtu anaweza kukumbwa kutoka upande wowote. Katika ligi kuu hakuna hata kadi nyekundu. Aliyefanya rafu huendelea kucheza, kesi yake husikilizwa siku nyingine. Na wanaruka! Mtu hupanda mabegani mwa mwenzake kuudaka mpira, halafu huteremka kutoka huko juu bila kujua ataangukia wapi.

Tofauti nyingine ni kwamba mtu akiumia, mpira kwa kawaida hausimami. Mtoa huduma anaingia mbio, anapiga magoti kando ya majeruhi, na mchezo unaendelea kumzunguka. Mwamuzi hasimamishi mpaka machela ihitajike, au majeruhi awe amelala mahali ambapo atakanyagwa. Anayevuja damu hutolewa nje, harudi hadi jeraha lizibwe. Basi wewe mwenye begi unamuuliza majeruhi anaumia wapi, na wakati huohuo unaangalia nyuma yako nani anakuja. Ukiwa mgeni wa kazi hii unahangaika sana.

Kwa upande wa vifaa na ustadi nakubaliana na mwandishi wenu moja kwa moja. Mguu ukivunjika au bega likitoka kwenye ligi kuu, daktari anafika mara moja, kigari cha machela kinafuata, na majeruhi anapewa ile wanayoiita filimbi ya kijani. Ni kibomba cha plastiki chenye dawa ya kuvuta ya methoksiflureni. Majeruhi anakishika mwenyewe na kuvuta hewa yake, na maumivu hupungua baada ya muda mfupi kiasi cha kuweza kunyooshwa mguu na kufungwa gango. Hapa magari ya wagonjwa hutumia dawa hiyohiyo. Hata klabu zetu za mtaani, ambazo hazina daktari, zina watu waliofunzwa kumzuia mtu asigeuzwe shingo ovyo kabla ya kola kufika.

Lakini mguu uliovunjika hauna mjadala. Mwenye mguu hawezi kudai arudishwe, na kocha hawezi kuomba. Kichwa ndicho kinacholeta ubishi, kwa sababu mtu aliyepata mtikisiko wa ubongo anaweza kusimama, kukimbia na kukuapia kwamba yuko salama.

Nitatoa mfano wa mtu ambaye wasomaji wenu wa Kenya wana haki ya kumfuatilia. Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide, alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita ya Sudan. Mwaka 2021 aliingia katika kikosi bora cha ligi nzima. Julai 2023, katika mechi dhidi ya wapinzani wao wa mji mmoja, Adelaide, aligongana kichwa kwa kichwa na mwenzake wa timu moja, Lachie Jones. Alitolewa nje, akaangaliwa, akarudishwa uwanjani. Kipimo rasmi cha mtikisiko wa ubongo kilichotakiwa na kanuni za ligi, wakati ule kikiitwa SCAT5, hakikufanywa. Klabu ilikubali kosa na ligi ikaitoza faini ya dola 100,000 za Australia, nusu yake ikiahirishwa.

Tazama yote yaliyokuwapo siku ile. Daktari wa timu alikuwapo. Video ya marudio ilikuwapo. Kanuni iliyoandikwa ilikuwapo, na watazamaji uwanja mzima waliuona mgongano. Sisemi daktari alikuwa na nia mbaya. Nasema alikuwa mwajiriwa wa timu iliyokuwa ikicheza, benchi liko hatua chache kutoka kwake, na mwenye kichwa alikuwa mmoja wa mabeki wanaotegemewa. Uzito huo mtu mmoja asibebeshwe.

Kipimo chenyewe si cha kubahatisha. Wenye kukitunga walisema wazi kwamba hakiwezi kufanywa sawasawa chini ya dakika 10. Mchezaji anaulizwa tuko uwanja gani, ni robo ya ngapi, nani kafunga mara ya mwisho, wiki iliyopita mlicheza na nani, mlishinda? Anasomewa orodha ya maneno ayarudie, kisha ataulizwa tena baadaye. Anataja miezi kinyumenyume. Anasimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, macho amefumba. (Huku mtaani tuna vijana wa Kikongo na Kirundi ambao nyumbani ni Kiswahili tupu. Kutaja miezi kinyumenyume kwa Kiingereza kunawashinda hata wakiwa hawajaguswa na mtu, ndiyo maana ni lazima wapimwe kabla ya msimu ili pawepo cha kulinganisha.) Dakika 10 katika robo ya mwisho, timu iko nyuma pointi chache, ni muda mrefu mno. Kila anayepita anauliza, "Vipi, anarudi?"

Na mchezo huu umelea ushujaa wa namna mbaya. Mpaka leo inasimuliwa fainali ya 1989 kati ya Hawthorn na Geelong. Dermott Brereton alipigwa dafrau mpira ulipoanza tu, mbavu zikavunjika, akabaki uwanjani na kufunga goli. Mwenzake Robert DiPierdomenico alicheza na pafu lililotobolewa, akaishia hospitali. Hawthorn walishinda kwa pointi 6, na hadithi ikageuka kuwa fahari. Kijana aliyekulia kwenye hadithi hizo hatakwambia kwamba anaona wawili wawili.

Gharama yake ilianza kuonekana wazi mwaka 2020, ubongo wa Graham Farmer, mmoja wa wakubwa kabisa wa mchezo huu, ulipokutwa na CTE, ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara na ambao huthibitishwa baada ya mtu kufa. Wakafuata kukutwa nao wachezaji wa zamani Danny Frawley na Shane Tuck. Tuck alijiua mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 38; alikuwa amecheza ndondi pia baada ya kustaafu futiboli, na haki hilo lisemwe. Kisha Heather Anderson wa ligi ya wanawake, aliyefariki mwaka 2022 akiwa na miaka 28, akawa mwanamichezo wa kwanza wa kike wa kulipwa duniani kukutwa na ugonjwa huo.

Mchunguzi Mkuu wa Vifo wa jimbo la Victoria wa wakati huo, Jaji John Cain, alitoa matokeo ya uchunguzi wa kifo cha Tuck Desemba 2023. Mapendekezo yake ndiyo niliyotamani mwandishi wenu ayataje kabla ya kutuambia tuige. Alitaka kila mechi ya AFL, ya wanaume na ya wanawake, iwe na daktari huru wa kusaidiana na madaktari wa klabu katika kuwapima walioumia kichwa, na wawepo waangalizi huru wenye mamlaka ya kuagiza mchezaji atolewe. Alitaka pia mazoezi ya kugongana yapunguzwe. Ligi tayari ilikuwa na watu wanaotazama picha za marudio wakiwa kwenye chumba maalumu Melbourne na kuwasiliana na benchi wakiona jambo. Lakini kumtaarifu daktari wa klabu ni jambo moja, na kumwamuru ni jingine.

Hata kanuni njema huvutwa na mbinu za mchezo. Mwaka 2021 ligi iliruhusu mchezaji mmoja wa ziada wa kuingia pale mwenzake anapoumia, ili daktari asiogope kuipunguzia timu mtu. Jambo la busara kabisa. Kufikia 2023 nafasi hiyo ikageuzwa ya kocha kuitumia apendavyo. Mchezaji alipogongwa kichwa baada ya akiba huyo kuingia, daktari alirudi kwenye shinikizo lilelile la zamani, mpaka nafasi hiyo ilipofutwa kuanzia msimu wa 2026.

Kuna na suala la siku za kupumzika. Mchezaji wa ligi kuu aliyepata mtikisiko wa ubongo harudi mechini kabla ya siku 12. Kwa sisi wa mtaani, tangu 2024 ni siku 21. Sababu wanayotoa ni kwamba wa ligi kuu anaangaliwa na madaktari kila siku. Naielewa, ila bado naona ajabu kwamba anayegongwa kwa nguvu zaidi, na mara nyingi zaidi, ndiye mwenye mapumziko mafupi.

Kwa hiyo kwa viongozi wa soka la kwetu, kabla ya kununua vigari na vibomba: tangu Julai 2024 sheria za soka duniani zinaruhusu mashindano yaliyoamua hivyo kutoa nafasi ya ziada ya kubadilisha mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo, bila kuhesabiwa kwenye mabadiliko ya kawaida. Ichukueni. Halafu uamuzi wa kumrudisha mchezaji mpeni daktari anayelipwa na waandaaji wa mashindano, asiyevaa jezi ya upande wowote. Mtu mmoja kwa mechi anatosha kuanzia, na hahitaji mtambo.

Na kwa wazazi wanaosoma gazeti hili wakiwa Melbourne, Adelaide, Brisbane au Perth, ambao watoto wao wameupenda mchezo huu: mtoto akitolewa kwa kugongwa kichwa, muulize aliyemwangalia jina lake, saa aliyotolewa, na dalili alizoziona, mkaandike. Mpelekeni kwa daktari. Hesabuni siku 21, na kocha akipiga simu siku ya 14 kusema fainali imekaribia, mjibuni kwamba bado wiki moja.

Wasalaam,
Msomaji wenu,
Dandenong, Victoria, Australia