Nyota haikuzaliwa

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita, ukurasa wa ndani, mlikuwa na habari fupi yenye kichwa “Nyota mpya yazaliwa, wanasayansi washangaa”. Nimeisoma mara mbili. Nyota haikuzaliwa, na mara nyingi anayeshangaa wa kwanza si mwanasayansi.

Mlichokiandika huitwa nova, neno la Kilatini lenye maana ya “mpya”, na hapo ndipo wengi tunapoponzeka. Kinachowaka ni masalia ya nyota kongwe iliyosinyaa, yaani kibete cheupe, chenye uzito unaokaribia wa Jua lakini ukubwa kama wa Dunia tu. Kibete hicho huzungukana na nyota nyingine kwa karibu mno na kumnyonya jirani yake hidrojeni. Hidrojeni hiyo hurundikana juu yake miaka na miaka, hadi siku joto na mgandamizo vinapozidi, ikalipuka kwa mpigo mmoja. Kinukta kilichokuwa hafifu kinang’aa maelfu ya mara zaidi, kisha kinafifia. Kibete chenyewe hubaki palepale, na huanza kunyonya upya.

Sasa nani huiona kwanza? Mei 1925, huko Afrika Kusini, alikuwa ni mtu wa telegrafu aitwaye Watson, aliyeinua macho alfajiri akaona nyota isiyo ya pale. Mwaka 1991 alikuwa George Alcock wa Peterborough, Uingereza, mwalimu mstaafu kama mimi, ambaye alikuwa amekariri maelfu ya nyota. Aliiona yake kwa darubini ya macho mawili akiwa ndani ya nyumba, kupitia kioo cha dirisha. Mke wangu anakipenda sana kisa hiki, maana mimi hukaa nje hadi napata mafua.

Lakini kuona ni nusu ya kazi, na nusu ya pili, kuthibitisha, ndiyo mliyoiruka kabisa. Tarehe 18 Machi 2021 Yuji Nakamura wa Japani, mpenzi wa nyota tu, alipiga picha nne za sekunde 15 kila moja kwa lenzi ya milimita 135, lenzi ambayo hata mpiga picha wa harusi anaweza kuwa nayo. Katika kundinyota la Mke wa Kurusi, yaani Cassiopeia, palikuwa na kinukta ambacho hakikuwepo kwenye picha zake za siku nne nyuma. Zingatieni hizo picha nne: doa la kamera la mara moja haliwezi kujifanya nyota mara zote nne. Na zile za siku nne nyuma ndizo zilizomwezesha kusema kwamba jambo hili ni la juzi tu.

Baada ya Nakamura kutoa taarifa, darubini ya Seimei ya Chuo Kikuu cha Kyoto, yenye kioo cha mita 3.8, ilielekezwa pale na mwanga ukachambuliwa rangi kwa rangi. Nova hujitaja yenyewe katika uchambuzi huo, kwani mistari ya rangi inayotoka kwa hidrojeni hutanuka kwa sababu gesi inatupwa nje kwa mamia hadi maelfu ya kilomita kwa sekunde. Hapo ndipo ilipothibitishwa. Leo inaitwa V1405 Cassiopeiae. Ilichukua muda wake, na Mei ikafikia kuonekana kwa macho matupu penye giza.

Najua ubaya wa kuiruka nusu hiyo ya pili. Juni 2018, hapa Kondoa, umeme ulikuwa umekatika na baridi ya kipupwe imekolea. Nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka na darubini yangu, nikaona karibu na kundinyota la Mshale, yaani Sagittarius, nyota isiyokuwemo kwenye ramani yangu. Nikazihesabu upya za jirani moja moja, kwa tochi niliyoifunga karatasi nyekundu ya biskuti. Haimo. Nikamwandikia kijana wangu ujumbe: baba ameipata. Usiku wa pili ikawa imesogea, kama nusu ya upana wa mwezi mpevu. Nova haitembei. Ilikuwa Vesta, asteroidi, yaani jiwe kubwa linalozunguka Jua, iliyotukaribia mwezi ule kuliko kawaida yake. Hadi leo kijana akipiga simu huanza na “Shikamoo, Mzee Vesta”.

Siku hizi zipo kamera zinazojiendesha zinazopiga picha anga usiku kucha. Hata hivyo, kati ya nova zinazokadiriwa kulipuka kila mwaka katika Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, makumi kadhaa, zinazonaswa ni kama kumi tu. Nyingi hutokea upande wa Mshale na Nge, na upande huo sisi tunao juu sana angani miezi ya Juni na Julai, kiangazi, mawingu hayapo. Mjapani anaupata chini zaidi. Kwake kunapokucha, kwetu bado ni usiku.

Kwa hiyo, zaidi ya masahihisho, naomba nafasi ndogo kila mwezi: ramani ya nyota za usiku, yenye sayari na asteroidi angavu za mwezi huo, ili msomaji awe na cha kulinganishia kabla hajamwandikia mwanawe. Ya Juni ninayo tayari, nimeichora kwa wino mweusi. Niambieni tu mnaitaka kwa upana gani.

Mwalimu mstaafu,
Kondoa