Waendao kazini kwa baiskeli kutoka mbali wanahitaji chakula na mapumziko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ya wasomaji niseme neno kuhusu watu wanaokwenda kazini kwa baiskeli kutoka mbali, yaani walinzi, mafundi, vibarua wa viwandani, wachuuzi wa samaki na sisi makarani wachache, ambao alfajiri tunateremka Barabara ya Morogoro kuelekea katikati ya Dar es Salaam tukitokea Kiluvya, Kibamba na Mbezi, na jioni tunaipanda tena barabara hiyo hiyo. Tukitajwa magazetini, mara nyingi tunatajwa kwa habari za ajali, na ni haki, kwa sababu barabara inaua. Lakini liko jambo jingine ambalo limewaondoa wenzangu wengi barabarani bila gari lolote kuwagusa, nalo ni mwili kuishiwa nguvu siku baada ya siku, mpaka mtu anaiuza baiskeli na kurudi kugombea basi kwa nauli asiyokuwa nayo. Mwenyewe huamini kwamba umri umemshinda au kwamba safari ni ndefu mno. Mimi nimenyonga baiskeli kati ya Kibamba na Kariakoo kwa miaka saba sasa, zaidi ya kilomita 20 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na nimefikia kuamini kwamba wengi wetu tunashindwa kwa sababu ya namna tunavyokula, tunavyokunywa na tunavyolala.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naamka saa kumi na nusu alfajiri, nakunywa kikombe kimoja cha chai ya rangi, naondoka. Mchana nilikula kidogo ili kubana matumizi, na saa kumi na moja jioni nikaanza safari ya kurudi. Alhamisi moja, nikiwa nimevuka Ubungo na kuanza kupanda kuelekea Kimara, mikono ilianza kutetemeka kwenye usukani, jasho likawa la baridi, macho yakaingia ukungu, na miguu ambayo asubuhi ilikuwa mizima kabisa ikakataa kusukuma pedeli. Nilishuka karibu na kituo cha Korogwe, nikaegemeza baiskeli kwenye nguzo, nikakaa chini. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha na ndizi alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Baba, leo umekula nini?" Nilipomjibu, alinimenyea ndizi mbili yeye mwenyewe, kwa sababu vidole vyangu havikuwa vikishika sawasawa, akanipa na maji kutoka kwenye chupa yake. Baada ya robo saa hivi niliweza kusimama, nikaikokota baiskeli mpaka palipo tambarare, nikapanda tena. Swali la mama yule lilinisaidia kuliko vidonge vyote vya maumivu nilivyokuwa nikinunua kila wiki.

Kilichonitokea kina maelezo yake. Misuli na ini huhifadhi wanga kama akiba inayoitwa glikojeni, ambayo kwa mtu mzima aliyekula vizuri ni kama nusu kilo, sehemu kubwa ikiwa kwenye misuli na gramu 100 hivi kwenye ini. Akiba ya ini ndiyo inayoulisha ubongo usiku tukiwa tumelala, kwa hiyo anayeamka na kuondoka bila kula anaanza safari akiba hiyo ikiwa imepungua sana. Kunyonga baiskeli kwa mwendo wetu wa kawaida hutumia takriban kilokalori 400 hadi 600 kwa saa, kulingana na uzito wa mtu, mzigo ulio kwenye keria na mlima ulio mbele yake. Mafuta ya mwili ni mengi hata kwa mtu mwembamba, lakini hutoa nguvu polepole, na mtu anapopanda mlima misuli inahitaji wanga. Barabara yetu asubuhi kwa sehemu kubwa inateremka kuelekea baharini, na mteremko humfanya mtu ajione mzima. Jioni, ukishatoka kwenye bonde la Msimbazi pale Jangwani, unaanza kupanda Magomeni, na kutoka Ubungo hadi Mbezi vilima vinafuatana. Mwili uliokopwa tangu alfajiri unadai pale Kimara, mtu akiwa amefanya kazi kutwa nzima na juu yake amesimama juani akipakua mizigo.

Tangu siku ile nimebadili mambo machache, na yote yanapatikana katika jiko la kawaida. Siondoki nyumbani bila kula, hata kama ni bakuli la uji wa dona wenye karanga au vipande viwili vya kiazi kitamu. Mara nyingi ni kiporo cha wali na maharage, ambacho baadhi ya wenzangu hukionea haya wakidhani ni chakula cha watoto wanaokwenda shule, ilhali kwa mwendesha baiskeli sijaona kilicho bora kuliko hicho: wanga upo, protini ipo, chumvi ipo. Mchana nakula sahani kamili. Na saa kumi, saa moja kabla sijaondoka, nakula tena kidogo, ndizi mbivu mbili au tende sita na kiganja cha karanga. Huu mlo wa saa kumi ndio ninaouombea nafasi zaidi ya yote, kwa kuwa wengi wetu hatuujui kabisa. Ndizi moja ya wastani ina wanga wa gramu 25 hivi, na wataalamu wa michezo hushauri gramu 30 hadi 60 kwa kila saa ya jitihada inayozidi saa moja; kwa hiyo ndizi mbili za saa kumi zinaweza kumfikisha mtu Kimara akiwa bado na nguvu zake.

Upande wa pili ni kurudisha misuli katika hali yake, na hapa ndipo makosa yetu ni makubwa. Maumivu ya mapaja na mashavu ya miguu yanayomwamsha mtu kesho yake, na pengine kuzidi siku ya pili, watu wengi huyaita asidi iliyobaki kwenye misuli. Asidi hiyo huondoka ndani ya saa moja au mbili baada ya kushuka kwenye baiskeli. Maumivu ya kesho yake hutokana na michubuko midogo sana katika nyuzi za misuli, ambayo mwili huiziba kwa protini na usingizi, na kazi hiyo huendelea kwa saa 24 na zaidi. Anayefika nyumbani saa mbili usiku akala ugali na mboga za majani peke yake, kisha akalala saa tano, ameupa mwili kazi bila kuupa vifaa. Kwa mtu wa kilo 70, gramu 20 hadi 25 za protini kwa mlo mmoja zinatosha kwa ukarabati huo, nazo hupatikana katika kikombe cha maharage yaliyopikwa pamoja na yai moja, au katika sahani ya kunde yenye dagaa na glasi ya maziwa. Dagaa wa Mwanza wanauzwa karibu kila soko la mji huu. Wanga nao lazima urudi usiku huo huo, kwa sababu anayerudi barabarani baada ya muda wa saa tisa tu hana nafasi kubwa wa kujaza akiba, na anayeogopa kula ugali usiku eti atanenepa, huku kesho ana kilomita 40 za kunyonga, anajidhulumu.

Kuhusu maji nitasema nilichokiona kwa macho yangu. Jumamosi moja ya Februari, kabla ya kutumwa Mbezi kupeleka nyaraka, nilijipima kwenye mizani ya ghala tunalofanyia kazi, nikaenda na kurudi bila kunywa kitu, nikajipima tena. Nilikuwa nimepungua karibu kilo mbili, na shati langu la bluu lilikuwa na michirizi myeupe ya chumvi kuanzia kwapani hadi kiunoni. Kila kilo iliyopungua namna hiyo ni takriban lita moja ya maji, na upungufu wa asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, yaani kilo moja na nusu hivi kwa mtu kama mimi, unatosha kupunguza nguvu. Katika joto la pwani lenye unyevu jasho linatiririka bila kukauka, kwa hiyo mtu anapoteza maji mengi na bado mwili haupoi. Dafu tunalolisifu ni kinywaji kizuri, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho linatoa sodiamu zaidi. Mimi nachanganya maji ya chupa na ndimu, vijiko vichache vya sukari na chumvi kidogo inayoshikika kwa vidole viwili, nanywa mafunda machache kila kituo kikubwa. Mwenye shinikizo la damu amuulize kwanza daktari wake kuhusu hiyo chumvi.

Linaloniumiza moyo zaidi ni vidonge. Wapo vijana ninaopanda nao ambao kila usiku humeza diklofenaki ili kesho waamke, na asubuhi hunywa kinywaji cha kuongeza nguvu badala ya kifungua kinywa. Kafeini iliyo katika kinywaji hicho inaficha uchovu kwa saa chache na inawafukuzia usingizi wanaouhitaji usiku. Dawa hizo za maumivu, zikimezwa kila siku na mtu ambaye mwili wake umekauka maji, zinaweza kuharibu figo na kuchubua tumbo. Kijana wa miaka 25 kuhatarisha figo zake kwa sababu ya njaa inayotibika kwa viazi vitamu ni jambo ambalo sisi tuliotangulia tunapaswa kulisema kwa sauti.

Na wengine maumivu yao ni ya siti tu. Ukikaa juu ya baiskeli, ukaweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka. Ukihamishia pedeli kwenye sehemu pana ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo siti inapotakiwa kuwa. Siti iliyo chini mno huumiza mbele ya goti, chini ya pia ya goti, na iliyo juu mno huumiza nyuma ya goti. Fundi yeyote mwenye spana atairekebisha kwa dakika mbili, na aongeze upepo wa tairi hapo hapo.

Wenzangu Waislamu wataniuliza kuhusu Ramadhani, kwa kuwa nami hufunga. Mwezi huo mimi hupunguza mwendo, sibebi mzigo kwenye keria, na daku siliruki hata nikiwa na usingizi kiasi gani; nala wali, maharage na maji mengi. Jioni hubeba tende na chupa ya maji kwenye mfuko, kwa sababu adhana ya magharibi mara nyingi hunikuta njiani, hufuturu kando ya barabara, hupumzika kidogo ndipo huendelea. Siku nikiona mwili umekataa, huacha baiskeli ghalani na kupanda basi, wala sioni aibu.

Mwisho nina maombi, na ya kwanza nayaelekeza kwa waajiri. Mwajiri wangu mmoja wa zamani alikataza mtu yeyote kula kitu kabla ya saa saba mchana au baada ya saa nane, akiamini kwamba kutafuna ni kupoteza muda. Nawaomba walio na wafanyakazi wa baiskeli waruhusu dakika 10 za saa kumi, na wahakikishe maji safi ya kunywa yapo mahali pa kazi, kwa kuwa mtu aliyefika salama leo ndiye atakayefungua geti kesho. Nawaomba hasa wenye kampuni za ulinzi wasimhamishe mlinzi kutoka zamu ya usiku kwenda ya mchana bila kumpa siku nzima katikati, maana mlinzi wa namna hiyo hunyonga baiskeli mara mbili ndani ya saa chache akiwa hajalala, na usingizi mzito ndio wakati ambao mwili hutoa homoni za kukarabati misuli. Kwa waendesha baiskeli wenzangu naomba siku moja kwa wiki isiyo na pedeli kabisa, hata kama Jumapili una mtu wa kumtembelea Kibaha.

Na kwako Mhariri, naomba ukurasa wa afya wa gazeti lako utafute mtaalamu wa lishe atakayetuandikia mara kwa mara kwa vyakula tunavyovijua na kwa bei za masokoni kwetu. Gazeti lako husomwa vijiweni kwa mafundi baiskeli kuanzia Kiluvya hadi Manzese, mara nyingi nakala moja kwa watu kumi, na mtaalamu huyo atawafikia watu ambao hawana namna nyingine ya kumsikia.

Msomaji wako,
Karani wa ghala,
Kibamba, Dar es Salaam